Siku Niliyomfunga Baba Mikono

Baba alikuwa mtu wa kunyamaza. Kwetu Ngulyati walimjua kwa mambo mawili: Jumapili hakukosa kanisani, na hakuwa na haja ya kuhesabu ng'ombe. Wakirudi jioni alisimama kwenye lango la zizi akawaangalia wanavyoingia, na kama kuna aliyebaki porini alimtaja ni yupi. Sisi watoto tulihesabu kwa vidole na bado tulikosea. Hakuwahi kunipiga, na sikuwahi kumsikia akimtukana mtu. Akikasirika aliondoka nyumbani, akazunguka shamba, akarudi amekwisha kutulia. Nayasema haya kwanza ili ieleweke ni mtu gani niliyemuuguza hospitali mwaka ule, wakati wa kuvuna pamba.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Bariadi mjini. Asubuhi moja kaka yangu, aliyebaki nyumbani na baba baada ya mama kufariki, alinipigia simu akasema baba hajapata mkojo tangu juzi na tumbo limekuwa gumu. Mzee alikuwa ameficha, ameona aibu kumwambia mwanawe. Jirani mwenye gari aliwaleta mjini. Nilipowapokea getini mwa hospitali baba alikuwa amejikunja kiti cha nyuma, jasho linamtoka, lakini aliponiona alitangulia kunisalimia.

"Mwangaluka, mayu."

Ndivyo alivyoniita siku zote, mayu, kama Wasukuma wanavyowaita mabinti zao na mama zao vilevile.

Walimwekea mpira wa mkojo akapata nafuu siku hiyohiyo. Daktari alisema ni tezi dume, kwamba watamlaza siku chache wamwangalie kabla ya kuamua kama atapasuliwa. Kaka alirudi shambani kwa sababu pamba ilikuwa imeshapasuka na vibarua walikuwa wanamsubiri. Mimi nikabaki. Nilichukua gauni la mteja lililokuwa limebaki upindo tu, nikaliweka kwenye mfuko pamoja na sindano na mabaki ya kitenge, nikasema nitashona nikiwa nimekaa naye.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa nzuri. Alikunywa uji, akataniana na nesi, akamuuliza mgonjwa wa kitanda cha jirani anatoka wapi, na alipoambiwa Zagayu akaanza kumtajia ukoo hadi wakakuta kwamba mashemeji zao wanafahamiana. Nilipiga simu nyumbani nikasema mzee anaendelea vizuri, wiki ijayo atarudi.

Siku ya tatu mchana niliona vidole vyake vinachezea shuka. Alikuwa anachukua kitu juu ya shuka kwa ncha za vidole, anakiweka pembeni, anachukua kingine. Alifanya hivyo kwa utaratibu, mikono yote miwili, macho yakiwa yanatazama mahali pengine.

"Baba, unafanya nini?"

"Navuna," alisema. "Hii ya huku imechelewa."

Nilicheka. Nilidhani ananitania, au ameota akiwa macho kidogo kama wazee wanavyoota. Nilimweleza mke wa mgonjwa wa Zagayu naye akacheka, akasema mzee ameacha moyo shambani. Tukaendelea na mazungumzo yetu. Leo najua kwamba ile ndiyo ilikuwa saa ya kumwita daktari.

Jua lilipoanza kuzama alibadilika kabisa. Alikaa kitandani akatazama mlango wa wadi na kusema ng'ombe zimeingia kwenye pamba ya watu. Nilimwambia hapa ni hospitali. Akasema nani amefungua lango. Nikamwambia, "Baba, hakuna lango, hakuna ng'ombe, upo Bariadi, umelazwa." Kila nilivyomweleza ukweli ndivyo alivyozidi kunitazama kama mtu anayemdanganya. Mwishowe aliniuliza mimi ni nani.

"Ni mimi, baba."

"Wewe si mwanangu. Wewe umetumwa."

Alikuwa ameacha Kiswahili kabisa. Nesi wa zamu, binti wa Kilimanjaro, hakumwelewa, akawa ananiuliza anasema nini. Nilimtafsiria nusu. Nusu nyingine yalikuwa matusi ambayo sikujua kama baba anayafahamu, matusi juu yangu na juu ya mwanamke yeyote aliyenizaa, na mwanamke huyo alikuwa mke wake. Nilimwambia nesi, "Anasema ana kiu."

Alipoletewa maji aliyakataa, akasema yametiwa kitu. Chakula pia alikataa. Kulipopambazuka alikuwa hajalala na mimi sijalala, na mara moja alikuwa ameshauvuta mpira ukatoka pamoja na damu. Walimrudishia. Alilia wakati wa kumrudishia. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata siku tuliyomzika mama.

Siku ya nne akauvuta tena. Nesi alipomaliza kumsafisha aliniita pembeni. Alikuwa na wagonjwa wengi na mwenzake mmoja tu, na sina la kumlaumu. Alinisemesha kwa upole.

"Mama, akiuchomoa mara nyingine ataumia vibaya. Asiachwe peke yake hata dakika moja. Na daktari atampitia kesho asubuhi, nimeshamwandikia."

Nilimjibu kwamba nimeelewa. Kisha nikarudi kukaa kwenye kile kiti cha plastiki. Nilikuwa nimevaa nguo zilezile kwa siku tatu. Miguu ilikuwa imevimba. Baba alikuwa ametulia kidogo wakati huo, amelala chali, vidole vinavuna pamba yake ya kwenye shuka, na mkono wa kulia kila baada ya muda unashuka kuutafuta mpira. Ninauondoa, unarudi. Ninauondoa, unarudi.

Mtu anaweza kusema nilifanya kwa ajili ya usalama wake, na nesi mwenyewe alipokuja kujua hakunigombeza. Lakini mimi najua nilichokuwa nataka. Nilitaka kuoga. Nilitaka kulala kitandani kwangu, hata nusu saa, mahali ambapo hakuna mtu anayeniita shetani kwa sauti ya baba yangu.

Nilitoa vipande viwili vya kitenge kwenye mfuko. Nilivikunja mara tatu ili viwe vipana visimkate ngozi. Nilipoushika mkono wake wa kwanza hakukataa. Aliunyoosha mwenyewe, akaushikilia hewani, kama wanaume wanavyoushikilia ninapowapima shati. Nadhani aliona futi ya kupimia shingoni mwangu, au alidhani ameiona. Nilifunga mkono ule kwenye chuma cha kitanda, nikazunguka, nikafunga wa pili.

"Naenda kuoga, baba. Narudi sasa hivi."

Nilimwomba mke wa mgonjwa wa Zagayu amtupie jicho, nikatoka.

Nyumbani nilioga. Kisha nikakaa ukingoni mwa kitanda ili nivae, na hapo ndipo nilipolala. Nilipoamka dirisha lilikuwa jeusi. Nilikimbia barabarani nikiwa nimevaa kandambili, nikapata bodaboda, nikafika wadini watu wakiwa wanamaliza kula.

Baba alikuwa vilevile nilivyomwacha, ila shuka lilikuwa limelowa upande mmoja na viganja vyake vilikuwa vimevimba. Alikuwa amejivuta hadi vifundo vimekaza. Macho yalikuwa wazi yakitazama dari. Nilishindwa kuvifungua vile vifundo kwa vidole. Ilibidi nitafute mkasi.

Mke wa mgonjwa wa Zagayu alisimama nyuma yangu. "Ameita sana," alisema. "Nilitaka kumfungua nikaogopa ule mpira. Nesi alikuwa na mama aliyezidiwa wadi ya pili."

"Ameita nani?"

"Alikuwa anaita mayu. Sijui ni wewe au ni mama yake."

Nilimkanda viganja kwa maji ya uvuguvugu. Alama zilibaki mikononi, nyekundu kwanza, baadaye nyeusi.

Asubuhi daktari alipita, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini, na kaka naye akawa amefika kutoka Ngulyati kwa sababu nilikuwa nimempigia simu nikilia. Kaka alimtazama baba, akaniita nje kwenye benchi la mapokezi.

"Huyu amerogwa," alisema. "Ameingia hapa na akili zake. Tumtoe, kuna mtaalamu namfahamu."

"Kaka, ana mpira mwilini. Utampakia pikipiki na mpira?"

"Na wewe unataka afie hapa anatukana watu?"

Tulibishana hadi watu wakageuka kututazama. Yule daktari alitusikia, na badala ya kupita alikuja akakaa nasi kwenye benchi. Alizungumza na kaka kwanza, kama mkubwa wa familia.

"Mzee hajarogwa, na wala hajawa kichaa," alisema. "Anaweweseka. Mwili wa mzee ukiingiwa na maambukizi, akili ndiyo inayotangulia kuyumba. Mpira umemletea maambukizi ya mkojo. Hanywi maji. Choo kimefunga. Hajalala, mahali ni pageni, sura ni ngeni. Uyaweke yote hayo kwa pamoja, hata wewe ungewaona hao ng'ombe."

"Atarudi?" kaka aliuliza.

"Wengi wanarudi. Wapo wanaorudi siyo kama walivyokuja." Kisha akauliza, "Anavaa miwani?"

Tulitazamana. Miwani ilikuwa imebaki nyumbani juu ya redio.

"Mleteeni. Akae karibu na dirisha ajue kama ni mchana. Mnyweshe maji kidogo kidogo. Na msibishane naye." Kisha akanigeukia mimi, na nilijua ameziona zile alama. "Na msimfunge. Wakifungwa wanazidi kuogopa. Ukichoka mwite mwenzako mpokezane."

Alisema tu hivyo. Nilidhani kaka hakuelewa kwamba nimeambiwa mimi.

Jioni ile baba alipoanza tena habari za ng'ombe, nilifungua mdomo nimwambie yupo hospitali. Kaka alinizuia kwa mkono. Alisogea karibu na sikio la baba akasema kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayerudi kutoka zizini kweli:

"Nimeshazirudisha, baba. Zote zimeingia. Nimefunga lango."

Baba akamtazama. "Na ndama yule?"

"Yupo kwa mama yake."

Baba akavuta pumzi ndefu. Akalala. Alilala hadi asubuhi, na mimi nikaketi pale nikimtazama kaka, ambaye sikuwa nimemsifia akili hata siku moja maishani mwangu, ambaye saa chache zilizopita nilikuwa nimemwita mjinga mbele za watu. Siku mbili nzima nilikuwa nimepigania ukweli, kwamba hakuna ng'ombe, hakuna lango. Yeye alikuwa amefunga lango, basi.

Walimbadilishia dawa. Siku ya saba, nikiwa nimezama katika mawazo yangu pembeni ya kitanda, nilisikia sauti ya kawaida kabisa ya baba, kwa Kiswahili.

"Pamba mmeshapeleka?"

Nilimtazama. Alikuwa na miwani usoni. Alinitazama kama anavyonitazama siku zote.

"Bado, baba. Kaka anasema wiki ijayo."

"Isinyeshewe," alisema, akaomba uji.

Niliondoka nikaenda kulia chooni. Niliamini yamekwisha.

Hakuwa amerudi mzima. Tuliliona hilo Ngulyati, baada ya wiki mbili. Alitembea, alikula, aliwatambua watu, lakini alikuwa amepungua ndani. Alianza sala ya chakula akasahau katikati, akabaki amefumba macho nasi tumefumba macho tukisubiri. Jioni alisimama langoni kama zamani, ng'ombe wakaingia, na siku moja kaka akamuuliza kama wote wapo. Baba alitazama zizi kwa muda mrefu.

"Hesabu wewe," alisema.

Kaka hakumuuliza tena.

Nilikuwa naenda kila Jumamosi jioni, nafunga kibanda mapema. Wageni walikuwa wanakuja kumjulia hali, wazee wenzake na watu wa jumuiya, na baba, aliyekuwa hazungumzi, sasa alikuwa na hadithi moja aliyoisimulia kila mgeni alipokaa. Yote mengine ya hospitali yalikuwa yamefutika. Daktari hakumkumbuka, wala rafiki yake wa Zagayu. Lakini lile moja lilikuwa limebaki.

"Kulikuwa na mwanamke mle ndani," alisema. "Alinifunga kama mbuzi wa kuchinjwa. Huku na huku." Akaonyesha viganja. "Sikumkosea kitu. Alinifunga akaondoka zake."

Wageni waliguna. Mmoja alisema hospitali siku hizi hazina utu. Mwingine akauliza kama ni nesi, na kama tulimshtaki. Mimi nilikuwa naleta chai. Niliweka vikombe mezani kimoja kimoja, na hakuna aliyenitazama.

Nilisikia hadithi hiyo mara nyingi sana. Kila mara nilijiambia kwamba mgonjwa asitiwe uchungu, kwamba nikimwambia nitamvuruga, na kila mara nilijua naogopa kwa ajili yangu. Kanisani sikuweza kupokea komunyo. Nilikaa kwenye benchi wenzangu wakienda mbele.

Nilimwambia Jumapili moja mchana, watu wote wakiwa bado kanisani na sisi tumebaki kwa sababu miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba, mimi nimekaa chini namkata kucha za miguu. Nilizungumza nikiwa nimeinamia kucha.

"Baba, yule mwanamke wa hospitali. Aliyekufunga."

"Ehe."

"Nilikuwa mimi. Ulikuwa unauvuta mpira. Nilichoka, baba. Nilikufunga nikaenda kulala. Nisamehe."

Niliinua kichwa. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananitazama kwa huruma, kama mtu anayemsahihisha mtoto aliyekosea njia.

"Hapana, mayu," alisema. "Wewe hukuwepo."

"Nilikuwepo, baba."

"Hukuwepo. Nilikuita sana, hukuja. Ungekuwepo ungenifungua."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na maneno tayari, kitenge kilikuwa cha rangi gani, niliufunga mkono upi kwanza. Kisha nikakumbuka tulivyoambiwa, tusibishane naye. Nikarudi kwenye kucha. Alinigusa kichwani akaniambia nisilie, akasema mwanamke yule Mungu atamwona.

Baada ya hapo hakupata nafuu tena. Mvua za kwanza zilipoanza alikuwa halali vizuri, na mara kwa mara alikuwa anawaona ng'ombe hata akiwa hana homa. Tulijifunza kumjibu sote, hata mke wa kaka, hata mimi. Jumamosi yangu ya mwisho kwake nilimlisha ugali na mtindi kwa kijiko, akala vizuri, akanifuata kwa macho nilipokuwa namfuta mdomo.

"Wewe ni binti wa nani?" aliniuliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni.

Nilimtajia jina lake mwenyewe.

"Namfahamu," alisema, kisha akanishukuru kwa chakula. "Wabeja, mayu."

Alifariki Jumatano, asubuhi, kaka akiwa ametoka kumletea maji ya kunawa.

Baada ya matanga, watu walipotawanyika, nilimweleza kaka yote. Tulikuwa tunarudisha viti vya kanisa, tumevipanga kwenye mkokoteni. Alinisikiliza bila kusimama, anapanga kiti juu ya kiti.

"Nilijua," alisema. "Nilikuta kipande cha kitenge kimening'inia kwenye chuma siku ile niliyokuja. Kilikuwa cha kwako."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mimi nilikuwa nataka kumpeleka kwa mganga na mpira tumboni." Alifunga kamba ya mkokoteni. "Ulikuwa naye siku nne peke yako na mimi nilikuwa navuna. Ningekuwa mimi ningemfunga siku ya kwanza."

Alisema vile ili nipumzike, na namshukuru. Lakini sikupumzika. Msamaha wa kaka si ule niliokuwa nautafuta, na aliyekuwa nao alikwisha kuutoa kwa mtu mwingine, kwa binti ambaye angekuwepo angemfungua. Tulisukuma mkokoteni hadi kanisani, tukashusha viti. Kisha nikapanda gari la kurudi mjini, kwa sababu kulikuwa na sare za shule zilizotakiwa Jumatatu na nilikuwa sijazikata.